Tarehe za Barafu Kwenye Boriti

Duluth, 27 Aprili

Kwako Dada Marlys,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwetu, ambako theluji imebaki vichochoroni tu. Natumaini u mzima, na kwamba goti la shemeji Curtis limeacha kutabiri mvua. Mimi sijambo, kadiri mtu wa miaka hamsini na sita anayejipikia anavyoweza kuwa hajambo. Juzi niliunguza supu. Usiniulize supu inaunguaje.

Fomu yako imefika, ile ya kutaka fundi Verlyn Skaar anyang'anywe leseni. Nimeona umebandika na kikaratasi cha njano pale ninapotakiwa kusaini, kana kwamba bado niko darasa la pili na wewe ndiye unayenifunga kamba za viatu. Ina wiki tatu mezani. Nimeshaimwagia kahawa mara mbili. Sijaisaini, na kabla hujashika simu kunifokea, tafadhali nisome hadi mwisho.

Unanijua mimi na nyundo: hata picha ya ukutani huning'inia upande. Kwa hiyo Mama aliposema sherehe yake ya miaka themanini ifanyike kwenye baraza la mbao alilojenga Baba nyuma ya nyumba, nilitafuta fundi. Wa kwanza hakutokea. Wa pili alilitazama akasema dawa yake ni kiberiti. Verlyn alitambaa chini yake na nguo zake safi, akatoka na utando wa buibui kwenye ndevu, akaniuliza nani kaandika kule chini.

Nikamweleza. Wewe huhitaji kuelezwa. Kila masika Baba aliandika kwa penseli, kwenye ile boriti iliyoshikamana na ukuta, siku barafu ilipoondoka ziwani. Mistari thelathini na minne, wa mwisho kwa mwandiko uliopindapinda. Kila mwaka wewe ulibahatisha tarehe vizuri kuliko mimi, nami nikaosha vyombo vyako wiki nzima.

Verlyn alibadilisha mbao zote za juu. Zilipendeza. Mama alizikanyaga akasema sasa hata kucheza dansi anaweza, mradi apatikane mwanamume asiyekuwa mimi.

Siku yenyewe unaijua kwa kusimuliwa. Watu ishirini na wawili, keki ya kanisani, Mama kwenye kiti chake akimtania mchungaji kwamba mahubiri yake yanamsaidia kulala kuliko vidonge. Kisha picha ya pamoja. Ilisikika sauti kama ya shuka linalochanwa, baraza likaachana na nyumba. Wengine walichubuka. Mama alivunjika nyonga, na siku ya kumi na moja mapafu yakashindwa.

Mazishini Verlyn alikuja. Alisimama karibu na birika la kahawa, kofia mkononi, ukamwambia mbele ya watu wote, "Una uso gani wa kuja kunywa kahawa hapa? Toka!" Akanitazama mimi. Nilikuwa nimeshika sahani ya mikate ya nyama, Dada, nikaitazama ile nyama. Akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Tangu hapo hakuna aliyempa kazi. Majira yote ya baridi amekuwa akiondoa theluji kwa koleo mbele ya maduka. Mwezi wa tatu tulikutana, akaniuliza tu kama paa langu halivuji.

Sasa nisikilize. Siku ile ya kwanza, alichoma boriti ya Baba kwa bisibisi, ikazama kama kwenye keki. Alisema mzee wetu alijenga kwa misumari na imani: hakuna bolti hata moja, na maji yamekuwa yakiingia ukutani miaka arobaini. Lazima itolewe. Nikakataa. Alisema atakikata kipande chenye maandishi, anitundikie jikoni. Nikamwambia baada ya sherehe, nataka Mama akae juu ya tarehe zile mara moja ya mwisho. Akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba wasipande zaidi ya watu sita mpaka arudi Jumatatu na boriti mpya. Tukapeana mikono, kama tunavyofanya huku, bila karatasi. Akafunga utepe wa njano kwenye ngazi.

Asubuhi ya sherehe niliukata ule utepe. Niliona utaharibu picha. Na aliyewaita wote wasogee ukutani ni mimi. Mkaguzi wa mji aliponiuliza, nilisema sikumbuki fundi kunionya.

Jumanne nilikwenda kwa mkaguzi nikayasema yote. Nakala ya maelezo yangu imo humu, na hiyo nimeisaini. Kisha nikaenda kwa Verlyn. Alinisikiliza mlangoni, akasema nimechelewa kwa majira mazima ya baridi, akaufunga mlango. Taratibu, vilevile.

Jiwe la Mama litawekwa mwezi wa sita. Njoo, hata kama hutanisemesha. Kipande cha boriti nimekifunga kwenye blanketi, ni chako. Nisalimie Curtis, mwambie apunguze kupanda ngazi.

Barafu iliondoka tarehe kumi na tisa. Sina tena pa kuandika, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mdogo wako,
Wendell