Goti Nililompigia Mheshimiwa

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao Boke kutoka huku Austria, mwezi wa tatu na bado theluji iko mlangoni. Kikohozi chako je? Bado unaamka alfajiri kuanika dagaa wako wa omena? Na mguu wa Baba? Nimeandika Kiswahili ili naye asome, asisingizie kwamba hajui Kijaluo chako. Mimi na Shangazi, anayenilea huku, tu wazima, ila nimechoka, Mama, uchovu usioisha kwa kulala. Nakuandikia upesi ili habari hii uisikie kwangu kabla ya barua ya Shangazi.

Shuleni mwalimu alitugawia wanasiasa, kila mmoja aeleze maisha ya mwanasiasa wake mbele ya darasa. Mimi nikapewa yule ambaye Shangazi humwita Mheshimiwa Ngumi. Unanijua, nikisimama mbele ya watu mate hukauka. Lakini nilisoma. Ni mtoto wa muuza nyama. Alianza kama karani wa reli, akagombana na mkubwa wake, akaingia chama, akagombana na chama, akaanzisha chake. Bungeni alipiga meza hadi glasi ikapasuka. Amejiuzulu mara tatu na kurudi mara tatu. Siku hizi wimbo wake ni mmoja tu: wageni warudi kwao. Huko kwetu nilisomeshwa kwa lugha mbili. Hii ya tatu, Kijerumani, nimeielewa kwa matusi yake. Na nikiri jambo, Mama: nilimwonea wivu. Mimi siwezi hata kuomba chaki, na yeye haogopi mtu.

Jumamosi tulikuwa sokoni, Shangazi akichagua viazi. Tukaona watu na kamera, kumbe ndiye, anasalimia wapiga kura. Mzee wa mvi, mfupi kuliko nilivyodhani. Akaninyooshea mkono. Sikufikiri. Mkono wa kushoto ukashika kiwiko cha kulia, macho chini, goti likakunjika, vile ulivyonifundisha. Shangazi alitia mikono yake mfukoni.

Kesho yake picha ikatoka gazetini, na chini yake maneno, ati hata wageni wanajua mwenye nyumba ni nani.

"Boke, umempigia goti huyu?"

"Nilimsalimu mzee tu, Shangazi."

"Mzee gani anayekufukuza? Diwani wa kwetu Migori akimtukana mama yako, utamwandalia chai?"

"Mama mwenyewe angemwandalia," nikasema. "Akishakunywa ndipo amwambie ukweli wake."

"Basi rudi kwa huyo mama yako!"

Akamwandikia Baba kwamba muhula ukiisha nirudishwe. Barua ikakaa mezani na stempu yake, na sisi tukawa tunaizunguka siku nne bila kusemeshana. Mama, sitaki kurudi hivi, kama mtu aliyefukuzwa.

Leo zamu yangu darasani ikafika. Nikaeleza reli, chama, glasi. Halafu sijui nini kilinisukuma, nikasema, "Yule msichana gazetini ni mimi. Kwetu mzee husalimiwa hivyo, hata mzee mkali. Niliheshimu mvi zake. Maneno yake sikuyainamia."

Mvulana wa nyuma akauliza, "Na akikwambia urudi kwenu?"

"Nitamsalimu kwanza," nikamjibu, "kisha nitakaa."

Wakacheka, si kwa ubaya. Nikarudi kwenye kiti changu, nikakaa kweli.

Jioni nilimweleza Shangazi yote. Alikuwa ametoka kazini, kule anakoogesha wazee, miguu imevimba. Akavua viatu. Kisha akasema, "Kuna bibi ninayemwogesha, ameikata ile picha akaibandika kabatini. Ananiuliza, huyu mtoto mwenye adabu unamjua? Nikasema, ni wangu." Akaenda kulala bila kula.

Nisalimie Dani, mama yako, kule Kendu Bay, umsomee barua hii kwa Kijaluo, ila pale pa goti upite haraka. Msalimie mdogo wangu anayevaa sweta yangu, na yule mwenye duka anayetupokelea barua.

Usishangae stempu ya bahasha hii kuchanika pembe. Haya naongeza asubuhi: nimeikuta imebanduliwa kwenye barua ya Shangazi, imewekwa juu ya yangu.

Wako aliyechoka lakini bado yuko,
Boke