Kwa Kitinda Wetu, Aliyekwenda Kufumua Alichoshona

Mwaka umetimia, Kitinda wetu, tangu asubuhi ile ulipotoka nyumbani kwa mama kwenda kununua mkate, ukasema tubandike chai, unarudi sasa hivi. Chai ilichemka mpaka ikakauka, sufuria ikaungua. Wewe hukurudi.

Magazeti yalikuita majina mengi. Yalisema bosi, yalisema baroni, yalisema ameuawa msafirishaji wa kimataifa wa dawa za kulevya, na yakachapa picha ambayo hata sisi hatukuwahi kuiona, umevaa miwani ya jua mbele ya hoteli ya nchi za watu. Hatubishani nayo. Mengi yaliyoandikwa yalikuwa ya kweli, na yapo mabaya ambayo hawakuyapata. Lakini huyo hatukumlea sisi. Tuliyemlea ni wewe, na ndiye tunayemwita leo.

Ulikuja mama akiwa ameshagawa nguo zote za watoto, akidhani amemaliza kuzaa. Ikabidi uvalishwe blauzi za dada yako zilizokatwa mikono, na watu wakampongeza mama kwa binti mzuri. Baba alipofariki ulikuwa hujui hata kutamka jina lake. Dada yako akakubeba mgongoni huku anajifunza kazi ya makochi kwa fundi mmoja mkali, na alipofungua karakana yake mwenyewe, nyuma ya hospitali, ukakulia humo kati ya sponji na vipande vya vitambaa. Usingizi ukikushika ulilala ndani ya kochi ambalo halijavalishwa, dada yako akakufunika kitambaa cha mteja na kuomba Mungu mteja asitokee.

Kupigilia misumari ulikuwa mvivu kupindukia. Kila siku kidole kinauma. Lakini ukishika sindano, hapo mtu akae kando. Dada yako alikufundisha mshono wa kificho, ule wa kufunga mto uzi usionekane kokote, na haikuchukua muda ukampita. Mteja akigeuza mto huku na huku akitafuta ulipofungiwa, wewe umejibanza nyuma ya mbao, umejiziba mdomo, mabega yanatetemeka kwa kicheko.

Tunakumbuka ulivyokuwa unakula ganda la mkate na kutuachia nyama yake laini ya ndani. Tunakumbuka ulivyokuwa ukiingia nyumbani unapanga viatu vya watu wote mlangoni, vikiwa vimeelekea nje, eti ili mtu akitaka kukimbia asipate tabu. Tulicheka. Hatukujua kwamba kuna mtu anaweza kusema jambo kama hilo bila utani.

Aliyekuchukua kwetu alikuwa mteja, mfanyabiashara wa kusafirisha samani nje. Alipenda mshono wako. Ukaondoka na makochi yake, ukarudi na suti. Ukaondoka tena. Ulikuwa ukimpigia mama simu kutoka viwanja vya ndege, tunasikia matangazo ya lugha tusizozijua, na wewe unapaza sauti ili usikike: "Mama, niko kwenye foleni! Umekula?" Ulimletea viatu kutoka kila mji, na vyote vilikuwa vikubwa. Kichwani mwako mama alibaki yule wa utotoni mwako, mrefu, mwenye miguu mipana, hukuona kwamba amesinyaa. Naye hakukwambia. Alijaza karatasi kwenye ncha za viatu akavivaa mlangoni ili umpige picha.

Dada yako alianza kuhofu mapema kuliko sisi. Siku moja aliliona kochi ulilolishona mwenyewe kwa ajili ya kusafirishwa ng'ambo, akauinua mto, akaona ni mzito. Akakutazama. Ukamwambia, "Dada, usiulize kitu usichotaka kujibiwa." Hakuuliza. Lakini tangu siku ile aliacha kukukatia vitambaa, na ulipokuwa ukimpa bahasha aliiacha mezani mpaka ukaichukua mwenyewe.

Halafu likaja la Sindano. Kwa wasiomjua, Sindano ni mshona mapazia wa pale karakana, binti mwembamba, mdomo wake unachoma, ndiyo maana akaitwa hivyo. Mlikuwa mkitaniana kutwa. Ukamwambia kuna mteja wako ng'ambo anataka kuona sampuli za mapazia, nauli juu yako, apeleke begi tu na kurudi. Sindano hakuwahi kupanda ndege. Aliazima koti. Alipofika uwanja wa kule walilipasua begi mbele yake, na chini ya sampuli kulikuwa na mshono ambao hauonekani.

Alihukumiwa kifungo cha miaka mingi. Wewe ukapotea. Simu za uwanja wa ndege zikakoma. Mama yake Sindano alikuja karakana, akasimama mlangoni, akamuuliza dada yako, "Mwanangu mlimtuma nini?" 

Ulirudi mchana mmoja wa mvua, umekonda, huna gari wala saa mkononi. Ukakaa kwenye fremu tupu ya kochi, juu ya mbao.

"Dada, Sindano hakujua."

"Hakujua nini?"

"Begi lilikuwa langu."

Dada yako alikuwa na mkasi mkononi. Aliuweka mezani polepole.

"Alilishona nani?"

"Mimi."

Alikupiga kofi. Hakuwahi kukupiga tangu uzaliwe, na mkono wake ulimuuma kuliko shavu lako. Kisha akakaa kando yako kwenye mbao zilezile, mvua inapiga bati.

"Basi nenda ukalifumue," akasema.

"Dada, nikisema wataniua. Unawajua hawa watu?"

"Siwajui. Nakujua wewe. Nenda."

Hayo ndiyo maneno ambayo dada yako amekuwa akilala na kuamka nayo mwaka mzima huu. Kuna siku anasema alikutuma kifoni. Kuna siku anasema asingekutuma ungekuwa hai na yeye asingeweza kukutazama.  Sisi tunajua kwamba ulikwenda kwa miguu yako. Ulimtafuta wakili, mkaenda naye kwa wapelelezi, ukasema yote, jina kwa jina, nchi kwa nchi, na ukaomba maelezo yako yarekodiwe na kupelekwa kwenye mahakama iliyomfunga yule binti. Walikupa nafasi ya kufichwa mahali. Ukasema utakwenda, ila kwanza ukae kwa mama kidogo.

Zile wiki, Kitinda, ndizo tunazozililia zaidi. Mama alidhani uko likizo. Ulitengeneza mlango uliokuwa ukikwama tangu baba yupo. Ulifua mapazia. Ulimvalisha mama kiti chake upya kwa kitambaa cha kijani, ukamkalisha, ukasimama nyuma yake kama mpiga picha, ukamuuliza, "Mteja umeridhika?" Akasema mgongoni bado kunamchoma. Ukafumua, ukashona tena. Jioni wapwa zako walikupanda mabegani, ukawa unagonga kichwa cha kila mmoja kwenye fremu ya mlango, bahati mbaya tupu, na kila mmoja anataka tena.

Walikukuta mlangoni kwa muuza mikate. Walikuwa wawili kwenye pikipiki, hawakushuka. Dada yako alisikia milio akiwa barabarani anakuja kwetu, akadhani ni tairi. Aliposogea akaona watu wamejikusanya na hakuna anayeinama. Aliyeinama ni muuza mikate peke yake. Alikuwa ameivua aproni yake akakufunika kuanzia kifuani, na alikuwa akikwambia, "Tulia kaka, tulia, wanakuja," ingawa ulikuwa umeshatulia. Dada yako alikushika kichwa. Alikuita kwa jina lako lote, lile ambalo alikuwa akilitumia ukikosea. Hukuitika.

Mazishini tulikuwa wachache. Rafiki zako wa suti hatukumwona hata mmoja. Majirani wengine walipita kando ya ukuta, na hatuwalaumu, maana mtaa wetu una watoto walioharibiwa na ulichokuwa unakisafirisha. Mwandishi mmoja alimkuta mama mlangoni akamuuliza, "Mama, ulijua mwanao anauza unga?"

"Unga upi?" mama akashangaa. "Mwanangu ni fundi makochi. Unga anauza mwenye duka pale kona."

Mwandishi akacheka. Dada yako akamfungia mlango, akaketi miguuni pa mama akamweleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ni ule unaomlaza mtoto wa jirani mtaroni?"

"Ndio, mama. Ule."

 Kesho yake mama alijifunga kitambaa kichwani, akavuka barabara, akaenda kukaa na yule jirani. Hatujui walizungumza nini. Anakwenda mpaka leo.

Sasa tukupe habari ambazo hukuzipata. Maelezo yako yalifika. Walichukua muda, wakayapima, wakawakamata wawili kati ya uliowataja, na yule mwenye samani anatafutwa. Na mwaka huu, kabla ya mvua, wamemwachia Sindano.

Alikuja karakana siku ya kazi, wateja wamejaa. Hakuamkia. Nywele zimeingia mvi na bado ni binti. Dada yako akasimama na pini mdomoni, akashindwa hata kuzitoa.

"Mashine yangu iko wapi?" Sindano akauliza.

"Pale pale."

Akaenda, akaipangusa vumbi, akaketi. Wateja walipoondoka dada yako akavuta kiti, akasema, "Mdogo wangu, sina neno."

"Usilitafute," Sindano akamwambia. "Nilimchukia kila siku. Usiku nilikuwa nalala namchukia. Halafu wakaniita, wakanisomea aliyoyasema. Alisema, 'Huyu hana kosa, kosa ni mkono wangu.' Wakaniambia ameshauawa." Akageuza gurudumu la mashine kwa kidole. "Siku nyingine bado namchukia, dada. Siku nyingine namkumbuka alivyokuwa akiniona macho yamechoka, ananitungia uzi bila kuambiwa. Sijui nifanye nini na mtu wa namna hiyo."

Dada yako akamwambia, "Hata sisi hatujui."

Leo tunakuja kulipalilia kaburi lako, Kitinda. Dada yako alikuwa amepanga kufunga karakana, ila kuna makochi ya mteja ambayo lazima yatoke. Alimuuliza Sindano kwa aibu kama angependa kufuatana nasi.

"Kaburini siendi," Sindano akasema. Akanyoosha mkono. "Ila leteni funguo. Nendeni nyote mkakae naye. Karakana nitafungua mimi."

Unakumbukwa na mama yako, dada yako na shemeji yako, wapwa zako, na mafundi wote wa karakana. Muuza mikate naye ameomba atajwe.

Siku zote tutakukumbuka, mzima mzima, kama ulivyokuwa.