Egemeza, Usitue: Jinsi Shosho Alivyoshinda Voi

Nyumba za juu ya soko,
Wundanyi,
Taita Taveta.

Jumatatu, 17 Machi 2025

Mpendwa Kaka Ben,

Kabla sijakusalimu nina ombi. Barua hii usimsomee mtu, hata yule rafiki mnayekaa naye nyumba moja. Usiipige picha. Usimdokezee mama yako kwenye simu, maana Shangazi Lois akijua jambo asubuhi, kufikia saa sita linajulikana kanisa zima. Neno moja la humu likitoka kabla ya mwezi wa tano, nimekwisha. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yangu inashikwa na kila mtu, na barua nimempa Teresia, yule muuguzi wa Mwatate anayerudi huko kwenu Alhamisi. Anadhani amebeba habari za kugawana shamba. Sikumdanganya. Nilisema ni mambo ya familia, yeye akajazia mwenyewe.

Haya, sasa nakusalimu vizuri. Hujambo, kaka yangu? Baridi ya Tampere imelegea, au bado unavaa soksi mbili mbili? Kifua chako kinaendeleaje? Sisi huku tu wazima. Mvua hatujaiona bado, lakini asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mlango wa ofisi, na wazee wanasema hiyo ni dalili.

Baba anasumbuliwa na goti, ila hakubali kutumia fimbo kwa sababu Mzee wa Kanisa hapaswi kuonekana amechoka. Mama yako hajambo. Amepaka nyumba rangi ya kijani, na ukimpigia simu umsifie, hata kama picha haikukupendeza.

Kazini bado niko masijala, nikipokea faili na kuandika zimetoka kwa nani, zimekwenda kwa nani na zimerudi lini. Mkubwa wangu, Bi Gertrude, hajajua kwamba nacheza gemu za kupigana. Baba pia hajui.

Lakini Ben, tumeshinda. Nilitaka kuliandika hili mstari wa kwanza kabisa, nikajizuia kwa sababu ya adabu. Tumeshinda! Shosho ameshinda Voi, mbele ya watu, na kombe ninalo. Liko ndani ya ndoo ya unga, chini ya unga wenyewe.

Acha nikueleze kwa utaratibu, maana najua umeliona jina la mshindi kwenye orodha lakini hujui lilifikaje pale.

Barua yako ya Januari ilininyima usingizi. Uliandika kwamba wakubwa wako wanataka kumbadilisha Mbeba Kuni, yule mpiganaji uliyemchora, kwenye toleo la Aprili. Wamuondolee mzigo mgongoni, wamfanye msichana mwenye mbio, kwa sababu kati ya wapiganaji kumi wa gemu yenu ya Ulingo Kumi yeye hakuna anayemchagua, na watu wanalalamika kwamba gemu haina usawa na haitadumu kwenye mashindano. Ukasema watamwacha kwa sharti moja tu: mtu ashinde naye shindano linalotambuliwa kabla ya Machi kwisha. Halafu, chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, ukaandika kwamba hukuweza kuja kumzika Nyanya Mkamburi, na kwamba mwendo ule uliomchorea Mbeba Kuni ndio kitu pekee ulichopata kumfanyia.

Mimi ndiye niliyeijaza fomu ya kifo chake, Ben. Jina, umri, mahali: Mwanda. Ilikuwa na mistari saba, na hakuna hata mmoja uliouliza alikuwa akitembeaje. Wewe uliuandika huo mstari wa nane. Nikasema huu hautafutwa nami nipo.

Kwanza nilisoma kanuni za mashindano mara tatu. Zinamkataza mfanyakazi wa kampuni, hazimkatazi ndugu yake. Bado sikuridhika. Nikampigia mwandalizi wa shindano la Voi, anaitwa Obadiah, nikamuuliza kana kwamba namuulizia mtu mwingine. Akajibu, "Dada, hata mama mzazi wa mwenye kampuni aje tu. Hiyo gemu yenyewe tunafikiria kuitupa kwenye ligi ya Pwani. Mpiganaji ni Radi, Radi, Radi, mwanzo mpaka mwisho." Nikamshukuru, nikakata simu haraka kabla hajaniuliza jina.

Halafu nikafanya ninachokijua. Nilinunua daftari, nikalipiga mistari kama rejista ya faili. Kila pambano nililocheza na jirani yangu Mbinya, ambaye ana gemu kwenye duka lake la kutengeneza simu, niliandika: nani na nani, nani kashinda, na safu moja ambayo Mbinya aliicheka sana, pambano limeishia sehemu gani ya ulingo. "Wewe Lynn unapigana ama unapima shamba?" Kila siku swali hilohilo. Tulicheza mapambano mia sita na kumi na mawili, miezi miwili, baada ya kazi.

Ile safu ya kuchekwa ndiyo iliyotoa jibu. Shosho, yaani bibi kizee, ndivyo vijana wanavyomwita Mbeba Kuni kwa kumdharau, alikuwa akifia katikati. Kila mtu hucheza katikati kwa sababu kila mtu anaogopa ukuta. Ukutani huna pa kurudi nyuma. Radi naye, huyo wanayesema hashindiki, anashinda katikati tu. Akikurukia ukiwa umegusa ukuta, mikono yake inabaki imenyooka muda mrefu kuliko anavyojua mwenyewe.

Sasa siri yenyewe. Kile kitufe cha kutua mzigo, watu wanakiona ni cha mzaha tu. Shosho anasimama, anatua kuni, anapigwa wakati anahangaika kujitwika tena. Mimi siku moja nilikuwa nimebanwa ukutani, nikakibonyeza nusu tu nikakiachia. Hakutua. Aliegemeza. Mzigo uligusa ukuta, ngumi ya Radi ikazama kwenye kuni bila kumuumiza, na alipojiinua, uzito wote ukamfuata Radi kifuani.

Nilitupa padi chini. Mbinya akadhani nimepigwa na stima.

Unakumbuka ile njia ya kushuka kutoka msituni, ulikuwa na miaka kumi, ukachoka ukatua kuni zako katikati ya njia? Nyanya aligeuka akakutazama. "Umetua? Haya, nani atakutwika?" Yeye alikuwa na mzigo wake, mimi nilikuwa mdogo, na hapakuwa na mtu mwingine. Tulikaa pale mpaka jua lilipopita upande wa pili, ndipo akapita mtu akakusaidia. Na tangu siku ile, kila tulipopumzika, alikuwa akituonyesha ule ukingo wa udongo kando ya njia, mzigo uuguse ukiwa bado umefungwa, na kusema: "Egemeza, usitue."

Sijui kama uliiweka makusudi, kaka. Nafikiri ulimchora tu jinsi ulivyomwona, na ukingo ukaja naye.

Tangu siku hiyo hesabu zikageuka. Akiwa ukutani, Shosho anamshinda Radi mara sita kati ya kumi. Lakini anashindwa na Kobe, mpiganaji mwingine, mara saba, na Kobe anashindwa na Radi. Nimewapanga wote kumi kwenye ukurasa wa mwisho, na hakuna hata mmoja asiye na wa kumshinda. Gemu yenu ina usawa, Ben. Watu walikuwa wakiitazama kutoka mahali pamoja tu.

Jumamosi nikashuka Voi. Nilimwambia baba naenda kumwona rafiki, na Mbinya alikuwa nami, kwa hiyo si uongo. Ukumbi ulikuwa na joto la kupikia mkate, watu kama mia mbili hivi, na mikono yangu ilikuwa baridi. Nilikwenda msalani mara nne kabla hawajaniita. Niliandikisha jina la Karani wa Mlimani, na nilipomchagua Mbeba Kuni ukumbi mzima ukacheka. Obadiah, ambaye ndiye aliyekuwa akitangaza, akasema kwenye kipaza sauti, "Karani, hiyo ni kubonyeza kwa bahati mbaya? Turudie?" Nikatikisa kichwa.

Nilishinda la kwanza. Nikashinda la pili. Kicheko kikapungua. Nusu fainali pia nikashinda, nikimshukuru Mungu kwamba kijana mmoja anayecheza na Kobe alikuwa ametolewa na mtu mwingine.

Fainali nikakutana na Zubeida wa Taveta. Bingwa wa mwaka jana, buibui nadhifu, vidole kama cherehani, na Radi wake. Alinipa mkono akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, nitamfikisha bibi nyumbani salama. Hatasikia maumivu."

Raundi ya kwanza niliipoteza hata sijui vipi. Ya pili hofu ilinishika, nikasahau kila kitu kilichokuwa daftarini. Nilijikuta katikati, Radi ananijia, na kidole changu kikabonyeza kile kitufe mpaka chini. Nikatua! Miezi miwili, mapambano mia sita, na nikatua mzigo katikati ya njia kama wewe. Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. "Shosho amefika sokoni!" Obadiah akapiga kelele. "Anapanga kuni! Anauza!"

Mbili kwa bila. Alibakisha moja tu. Nikaitazama skrini, na pale Mbeba Kuni alikuwa amesimama akisubiri raundi ya tatu, kisigino kimekanyaga kwanza, bega la kushoto chini kidogo kuliko la kulia. Ni yeye kabisa. Mara ikanijia kwamba nikipoteza hapa, mwezi ujao bega hilo litanyooshwa, na hakuna mtu duniani atakayejua kilichofutwa isipokuwa wewe na mimi. Na kitu cha ajabu, Ben, mikono ikapata joto.

Nikarudi nyuma mpaka mgongo wa Shosho ukagusa ukuta. "Karani anakimbia!" Obadiah akasema. Zubeida akaja. Nikaegemeza. Akaja tena. Nikaegemeza. Watu hawakuona kitu, waliona bibi kizee amechoka. "Anapumzika! Mpeni maji!" Halafu wakamwona Radi yuko chini, na kicheko kikakatika kama redio iliyozimwa.

Ya nne, vilevile. Mbili kwa mbili. Zubeida akavua saa yake akaiweka mezani.

Ya tano alikuwa amejifunza kusubiri. Akasimama mbali, ananitazama. Ningetoka ningekufa. Nikakaa. Ukumbi ulianza kupiga miluzi. Shosho alibaki na pumzi kidogo kuliko Radi, na muda ukiisha, Zubeida ndiye mshindi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuja. Ndipo nikafanya jambo ambalo halikuwa daftarini. Niliacha ukuta, hatua tatu tu, kwa ule mwendo wa polepole, kama mtu anayekata tamaa. Zubeida akaruka. Nikarudi nyuma hatua tatu. Nyanya alikuwa hageuzi mgongo kwenye mteremko, unakumbuka? Nikaegemeza sekunde ileile anafika, na kuni zote zikamwangukia Radi.

Sikusikia kelele. Mbinya anasema viti viliangushwa. Ninachokumbuka ni yeye kuning'ang'ania shingo akipiga kelele, "Shosho! Shosho! Shosho!" na ukumbi wote ukaitikia, watu walewale.

Zubeida alinikumbatia. "Bibi yako ana jini," akasema. Halafu akashusha sauti, "Ulifanya nini pale ukutani?"

"Nilichoka," nikamjibu. Akatabasamu. Huyo atajua kabla ya mwaka kwisha, lakini si leo.

Na bado kuna zaidi. Obadiah alisimama akatangaza kwamba walikuja wakiwa wameazimia kumfungia Radi au kuiacha gemu kabisa, na sasa hawafanyi lolote kati ya hayo. Ulingo Kumi imeingia ligi ya Pwani na wapiganaji wote kumi. Mimi nitakwenda Mombasa mwezi wa tano. Kwa hiyo elewa kwa nini nakuomba siri. Mchezo wa kuegemeza ukijulikana sasa, Mombasa nitakutana na Shosho kumi. Na wakubwa wako wakiusikia, wanaweza kuuita kosa wakaurekebisha. Wakikuuliza kama Mbeba Kuni anatosha alivyo, wape matokeo ya Voi na nakala ya daftari niliyoambatanisha. Safu ya mwisho, ile ya sehemu ya ulingo, nimeiondoa.

Leo asubuhi Bi Gertrude aliniita mezani kwake. "Lynn, Jumamosi ulikuwa Voi?" Nilishika meza. "Nilikuona stendi. Si ungenipitishia maembe?" Nimeahidi kumletea, nikarudi kwenye faili zangu.

Baba anakusalimu, bila kujua nakuandikia. Mbinya anakusalimu kama mtu asiyekujua ila kwa sifa. Nisalimie Austin wa kwa Mjomba Titus ukimwona, lakini salamu tu. Mungu aliyemlinda Nyanya kwenye miteremko yote ile akulinde nawe kwenye barafu, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Kuhusu kunijibu: usipige simu ofisini. Usitume ujumbe kwenye simu yangu, wala kupitia kwa mama yako. Toleo jipya likitoka, lifungue kabla ya mtu mwingine. Ukimkuta msichana mwenye mbio, nyamaza tu, nitaelewa. Ukimkuta bado ana mzigo, basi Jumapili ya kwanza baada ya toleo hilo, saa tisa alasiri ya huku, baada ya kanisa, ingia ulingo wa mazoezi. Nitakuwa dukani kwa Mbinya, kwa jina lilelile. Usiandike salamu. Mchague yeye, mpeleke mpaka ukutani, umwegemeze. Nami nitaegemeza upande wa pili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kuogopa kwa wakati mmoja,

Lynn