Nyumbani Wanaenda Inje

Jumatatu, tarehe 4 Novemba 1968

Nimepasua kuni za tanuri tangu asubuhi. Maua ya pareto hayakauki kwa mvua hii, kwa hiyo kuni hazitoshi, kwa hiyo mgongo wangu pia hautoshi.

Tangu nilipotoka kazini mke wangu Kanyere ametoka inje mara saba. Ninajua kwa sababu mlango wetu unalia. Anarudi upesi, uso umekunjamana. Nimemwuliza alikula nini. Amesema si tumbo la chakula, ni mkojo. Unakuja matone mawili, unachoma kama pilipili, na bado anahisi umebaki. Mimba ina miezi mitano. Nimesema labda mtoto anakanyaga. Amenitazama kama mtu anayetazama mbuzi.

Jumanne, tarehe 5

Mkojo wake umekuwa kama maji ya kuoshea mihogo, na unanuka. Chini ya kitovu panauma. Hataki kwenda dispensari ya kambi. Mganga Symphorien ni mwanaume, tena kijana.

"Wende weye," ameniambia.

Kwetu Butembo baba yangu alinifundisha: mambo ya mwili wa mke wako huyasemi mbele ya mwanaume mwingine. Hata jina lake hulitaji. Unasema "nyumbani", tena unaweka wingi, kwa heshima. Basi nilivua kofia nikasema vizuri:

"Munganga, kwangu nyumbani banagonjwa. Banaenda inje kila mara."

Symphorien aliacha kalamu. "Beko bangapi?"

Nilifikiri anahesabu na mtoto wa tumboni. Nikasema babili.

Alitoka mbio, hata mlango hakufunga. Nikasema moyoni: huyu kijana anaipenda kazi yake.

Jumatano, tarehe 6

Kambi imefungwa. Symphorien amemwambia kapita Sebarenzi, msimamizi wetu wa kazi, kwamba kuna ugonjwa wa kuhara, umeanza kwa Katembo. Katembo ni mimi. Ilipotangazwa kwamba mwenye kuhara haendi kazini, mpaka saa sita nyumba kumi na moja zilikuwa zinahara.

Sote tumenyweshwa makaa ya kusaga. Kambi nzima ina meno meusi. Maji ya kijito yamekatazwa, ni ya kuchemsha tu, vikombe viwili kwa mtu kwa siku. Mimi nimepewa chepe nichimbe choo kipya, kwa kuwa ugonjwa umetoka kwangu.

Nilijaribu kumweleza Symphorien. Alikuwa ameketi mbele ya mstari wa watu wa makaa.

"Si kuhara, munganga."

"Habahari? Basi banafanya nini inje?"

Watu ishirini walisogea wapate kusikia. Nikasema: "Banatembea."

Nimerudi kuchimba.

Alhamisi, tarehe 7

Kanyere ana homa. Anatetemeka chini ya vikwembe vyake vitatu vya kujifunga. Sasa mgongo unamuuma juu ya kiuno, upande wa kulia, nikimgusa hapo anaruka. Hata vile vikombe viwili hamalizi, anaogopa kukojoa.

Jirani Nyiraneza alipita nikiwa shimoni mpaka mabega. "Katembo, ni choo ao ni kaburi?"

Alikuwa anacheka. Mimi sikuweza. Nimeacha chepe humohumo.

Ijumaa, tarehe 8

Asubuhi kamio ya dereva Marcellin imeleta mkunga kutoka Masisi, Mama Constance, kwa ajili ya ugonjwa wetu mkubwa. Kwanza amekagua choo cha zamani cha kambi. "Kambi nzima inahara, na choo iko safi kama meza ya padri?" Symphorien ametazama viatu vyake.

Nimemfuata mbele ya watu wote. Kofia ilibaki kichwani, nilisahau.

"Mama, miye njo nilisema vibaya. Bibi yangu Kanyere anakojoa kila mara, kidogo-kidogo, inamuchoma. Iko na mimba. Leo siku ya pili ya homa."

Wanaume wamecheka. Mmoja amesema: "Kumbe njo kutembea kwenyewe!" Mama Constance hakucheka. Amekwenda kwangu, amegonga mgongo wa Kanyere polepole kwa ngumi, Kanyere amelia. Kisha amewakusanya wanawake peke yao nyuma ya tanuri. Mimi nilikuwa upande wa pili, ninapanga kuni, sikujificha.

Amewauliza ni nani mkojo unamchoma. Wamejifunga vikwembe upya. Ameuliza tena. Nyiraneza amesema: "Miye." Halafu wengine wanane.

Sikujua jambo hili, na mke wangu analifanya kila siku. Wanaochuma pareto hawaruhusiwi kuacha mstari mpaka saa sita. Wanabana. Ili wasibanwe, hawanywi maji tangu alfajiri. Mama Constance amesema njia ya mwanamke ni fupi, uchafu unapanda upesi, maji ndiyo yanaufagia. Mkojo ukichoma, ukinuka, ukija matone-matone, sema siku ileile. Ukingoja homa na mgongo, umefika kwenye figo. Na mwenye mimba anaweza kuzaa kabla ya wakati.

Amemwita Sebarenzi. "Kapita, weye unakojoa saa ngapi?"

Sebarenzi amesema kazi ni kazi.

Kanyere amepewa vidonge. Ameamriwa kwenda hospitali leo leo, kwa kamio ileile.

Ijumaa hiyohiyo, njiani

Tumepita Kirolirwe. Kamio imesimama mara ya nne. Mama Constance amemnywesha jagi zima la maji. Marcellin amepiga honi, anasema matope yatameza magurudumu. Kanyere amejibu kutoka majanini kwa sauti kubwa:

"Ngoja, kaka! Ingali inachoma na sijamaliza!"

Wanaume walio juu ya magunia ya maharage wanatazama ng'ombe wa watu.

Amerudi. Homa haijashuka, paji lake ni jiwe la jikoni. Amesema tangu tulipopita Burungu hajamsikia mtoto akicheza. Mama Constance amemlaza juu ya gunia, ameinama na kitarumbeta chake cha mti cha kusikiliza moyo wa mtoto, ncha moja tumboni, nyingine sikioni. Ameinua mkono tunyamaze.

Marcellin amezima mota. Mzee mmoja aliyekuwa anakohoa ameziba mdomo kwa kofia.

Mkono bado uko juu.