Diski Iliyoitwa Kyungu

Kamina, kambi ya reli
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpendwa, Mama Mapasa,

Kabla ya yote, umeamkaje? Goti lako limekubali kukupeleka shambani, au bado linakugomea kila mvua ikinyesha? Na mto umerudi mahali pake, au ungali unaingia kwenye mihogo? Yesu Kristu asifiwe, maana mtu wa mwisho aliyefika hapa kutoka huko kwenu Malemba alisema kumetulia na watu wanalala ndani ya nyumba zao. Mimi huku sijambo. Nakula, nasali, na meza yangu ya fotokopi karibu na kituo cha treni bado inanilisha. Nimekonda kidogo. Najua mjomba atakayekuletea barua hii atakuambia, basi nimemtangulia.

Mama, nataka kukueleza habari za mashine. Usikunje uso, nisikilize mpaka mwisho, kwa sababu ni habari za Kyungu.

Unakumbuka kwamba ndugu yangu, pacha mwenzangu, aliniachia kamera yake na diski zilizojaa arusi, kwaya na misiba ya mji huu mzima. Nimezitazama karibu zote. Yeye mwenyewe haonekani hata mara moja, kwa kuwa daima alikuwa nyuma ya kamera, lakini sauti yake iko kila mahali. Bibi arusi anaingia, mara unamsikia: "Bamama ba kwaya, musogee kidogo!" Padri anabariki, naye anakohoa pembeni, kile kikohozi chake cha kuomba radhi. Hiyo ndiyo sauti yake yote iliyobaki duniani. Nyumba yetu ilipochomwa wakati ule wa kukimbia, picha zote ziliteketea, wewe unajua. Nikaapa kwamba hii haitapotea.

Kwa hiyo nilichukua kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi moja, nikataka kuigeuza seva, yaani ghala la nyumbani la kuhifadhia kazi zake. Kompyuta ya namna hiyo inahitaji mfumo wa uendeshaji. Huo ndio unaoiamsha mashine na kuiambia vitu viko wapi. Bila huo, ni bati lenye nyaya. Mifumo iko mingi, Mama, kama makanisa ya hapa, na kila mmoja unasema njia ni yake. Wa kwanza ulikuwa mzuri wa sura, una rangi na vipicha, ila ulitaka nguvu ambazo mashine yangu ya uzeeni haina, ikawa inahema tu. Wa pili haukukubali kuamka bila mtandao, na mtandao wa huku unaujua, unakuja kama mgeni asiye na adabu. Mwishowe nikachukua Linux moja ya bure, kioo cheusi, maandishi meupe, hakuna urembo. Nilijifunza kwa kurasa nilizojichapishia mezani kwangu, kwa wino wa wateja, Mungu anisamehe. Nilikosea, nikafuta, nikaanza tena. Lakini nilipouelewa niliupenda. Betri ya sola ikiisha, mashine inazimika. Jua likirudi, inaamka yenyewe na kukagua diski zake, kama wewe ulivyokuwa ukigusa vichwa vyetu mkekani kabla ya kulala.

Tena mfumo huo unajua kuweka kila kitu kwenye diski mbili kwa wakati mmoja. Mmoja akianguka, mwenzake anabaki na yote. Niliposoma hivyo moyo uliruka. Wewe ulitulea hivyo: ukimnunulia mmoja kandambili, mwingine lazima apate za rangi ileile, ama sivyo mapasa watakasirika na nyumba itapata balaa. Nikatafuta diski mbili zilizofanana kabisa, za kiwanda kimoja na umri mmoja.

Aliyenikataza ni Yaya Solange. Humjui, namwita yaya kama dada mkubwa. Mume wake ni askari kule Base, kambi ya jeshi, naye anatengeneza simu na kompyuta mbele ya mlango wake. Alikuja na baiskeli yake, akazigeuza zile diski mkononi.

"Kabange, tafuta zenye haziko sawa. Izi zilizaliwa siku moja, zitachoka siku moja."

"Yaya, minyi niko wa mapasa," nikamjibu. "Kwetu tunanunuaka mbili za sawa."

"Disque haiko mutoto, Kabange."

Sikumsikiliza. Mfumo ulipouliza diski hizi ziitweje, hakuna aliyenilazimisha. Ya kwanza nikaiandika Kyungu, ya pili Kabange.

Kwa muda nilikuwa na furaha. Nikirudi mchana najipikia, nafungua arusi moja, tunakula pamoja, mimi na sauti. Kisha diski ikaanza kugonga. Tk, tk, tk, kimya, tena tk, tk. Mama, unakumbuka Kyungu alivyokuwa akigonga meza kwa kidole akingoja ugali? Ilikuwa vilevile. Wa kwanza kusikia alikuwa jirani yangu, mjane wa dereva wa treni. Akauliza kutoka uani, "Ni nani iko napiga mulango kwako?" Asubuhi moja kugonga kukakoma, na kwenye kioo kukawa na maneno ya Kifaransa: *Kyungu: absent. Kabange: seul.* Kyungu hayupo. Kabange yuko peke yake.

Diski mpya ya kushika nafasi yake nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya kitenge, juu ya kabati. Kuiweka si kazi, Mama. Lakini mfumo una sheria yake: haupokei mwingine mpaka kwanza uutangazie kwamba yule wa zamani hatarudi. Unakutaka uandike jina lake kwa mkono wako, ndipo unamwondoa. Nami kila nilipokaa mbele ya mashine, vidole vilikataa. Kwetu pasa hafi. Ameenda kuteka maji. Hivyo ndivyo ulivyotuambia tuseme, na hivyo ndivyo nilivyosema kwa kila mteja aliyemuulizia. Basi nikaiacha mashine imngoje. Kila asubuhi jua likitoka iliamka na kuniandikia tena: hayupo, hayupo, hayupo. Nikawa naogopa kuingia chumbani mwangu mwenyewe. Jikoni nilikuwa najikuta nimepakua sahani mbili, nageuka kumwita.

Solange alirudi, akaona, akakasirika kweli.

"Weye uko nangoja nini? Hii haiko mugonjwa, ilikufa. Na hii ingine iko nabeba muzigo yote yenyewe. Unataka na yeye akufe?"

Nikamwambia aniache kidogo. Akaniambia anayeficha maradhi, kilio kitamuumbua. Akaondoka bila hata kunywa maji.

Juzi nikafungua arusi ya binti wa mjomba, ile uliyokuja mwenyewe. Nusu ya picha ilikuwa ya kijani. Sauti ya Kyungu ikaanza "Mama Ma..." ikakatika. Nikarudia. "Mama Ma..." Diski ya Kabange nayo ilikuwa imeanza kufuata. Nilikaa chini sakafuni, Mama. Nikaelewa kitu ambacho hukuwahi kuniambia.

Siku zile hukuweza kufika, barabara ilikuwa mbaya, tukamzika hapa bila wewe. Ulipofika hukulia. Watu wa kambi walishangaa mama gani huyu. Ulinishika mkono, ukaniketisha karibu nawe, ukawakataza wanawake wasipaze sauti. Nilidhani ni desturi tu. Sasa najua uliogopa. Wazee husema ukimlilia pasa mmoja, unamwita na wa pili. Umemeza kilio chako muda wote huu ili mimi nibaki.

Nikasimama, nikaiweka diski mpya. Mfumo ukauliza. Nikaandika jina, herufi moja moja: K-y-u-n-g-u. Nikathibitisha. Nilidhani kitu kitatokea, sijui nini. Maandishi tu yalishuka kwenye kioo, na mashine ikaanza kunakili vitu kutoka kwa Kabange kwenda kwa mpya. Palipokwama ilirudia kusoma tena na tena mpaka ikapata, ikachukua mchana kutwa. Nilizima feni, nikazima taa, nikainyima hata simu yangu chaji, kisha nikakaa mlangoni nikiyaangalia mawingu kama mkulima. Jirani akaja kukaa nami bila kuuliza. Jua lilipoelekea kuzama kazi ilikuwa imekwisha, na karibu yote yamepona. Ndipo nikalia, Mama, kwa sauti, kambi nzima ikasikia. Solange amesikia habari, ameniletea samaki wa kukauka na diski nyingine ya kiwanda tofauti kabisa. Hii ataiweka kwake kule Base, asema, ili tusilale wote ndani ya nyumba moja.

Ndani ya bahasha kuna flashi ndogo. Mpe katekista, redio yake ina tundu lake. Ni ile arusi, na imepona. Sikiliza pale ngoma zinapotulia. Utamsikia Kyungu akisema, "Mama Mapasa, sogea kidogo, uko nafunika bibi arusi!" na wewe mwenyewe unacheka.

Nisalimie bibi, mama yako, mwambie tumbaku yake iko ndani ya kifurushi. Msalimie mdogo wangu wa mwisho, aache kuvua peke yake mto ukijaa. Shangazi wa ng'ambo ya mto msalimie pia, ingawa ananisema vibaya. Na katekista, umshukuru kwa redio.

Kyungu amekufa, Mama. Nimelisema kwa mkono wangu, na leo ni Jumapili, nimetoka misani, nimekula sahani moja, niko mzima. Basi lia sasa. Mimi simfuati.

Binti yako, aliye hapa,
Kabange