Mikwinini ya Uani

12 Machi

Mwanangu kipenzi,

Habari za kazi huko kwenye kitalu cha miche? Sisi wazima kiasi, ila baba yako ana homa, leo siku ya nne. Usihangaike. Ile mikwinini uliyotuletea ikiwa miche sasa ni miti kamili. Nimebandua gome upande mmoja tu kama ulivyonionyesha, ule mwingine nimeuacha ili mti usife, na ninamchemshia asubuhi na jioni. Hospitali hataki hata kuisikia. Anasema, "Nikapange foleni ya nini, na kijana wangu amenipandia hospitali uani?" Maringo hayo! Majirani nao wanakuja kuomba gome.

Mama yako

17 Machi

Mama, shikamoo.

Natumaini baba bado ana nguvu. Mpeleke hospitali ukishasoma hapa, usingoje jioni. Miche ile niliichukua kwa makosa kwenye tuta lingine. Ni jamii moja na mkwinini wenye dawa, majani yanafanana, lakini gome la hiyo niliyowaletea haliwezi kutibu malaria. Tuligundua mwaka jana magome yalipopimwa. Nilijua, mama. Niliona haya kusema, kwa jinsi baba alivyokuwa akinisifu kwa watu. Simu ya mjomba haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la miche. Anapita huko kesho.

Mwanao

10 Aprili

Mama, shikamoo.

Umeamkaje? Unakula? Nimefika kazini salama.

Mjomba aliponipigia kunipa habari za msiba, nilikuja nimejiandaa kufukuzwa. Wewe ukanikumbatia mbele za watu, ukanivalisha koti la baba, siku sita nzima hukuligusia jambo lile. Nami nikashindwa kulianza. Sikustahili msamaha huo. Asante, mama.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nakula kidogo.

Barua yako ya pili ilifika asubuhi, nikaisoma nisijue ni msamaha gani unaousema. Mchana dereva akaja na ile ya Machi, anaomba radhi, lori lilimharibikia njiani mwezi mzima. Sasa nimeelewa.

Siku aliyokufa, baba yako aliomba kikombe kingine. Nilimnywesha kwa mikono yangu hii.

Nimepita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani walitupe lile gome. Walipouliza nani alijua, nilikutaja.

Usije kwanza. Najijua mimi, nikikuona mlangoni nitakukumbatia, na kwa sasa sitaki.

Mama yako