Kiwanda Kimekuja Kuposa

Ijumaa, mwezi wa sita. Baridi. Mlima Matogoro umejifunika ukungu tangu alfajiri, na mimi nimejifunika vitenge viwili lakini meno bado yanagongana. Naandika hapa kafe ya intaneti, Majengo, vidole vimekufa ganzi.

Leo nimeletewa posa. Ngoja nianze vizuri.

Wanaonisoma siku nyingi wanazijua kelele zangu kuhusu kiwanda cha tumbaku. Enzi zake nilikuwa nauza chai na maandazi pale getini. Asubuhi moja geti halikufunguliwa. Nimesimama na sufuria mbili za chai ya moto, mnywaji hakuna. Wakubwa wakasema ni mageuzi ya uchumi, tuvumilie. Sawa, ila mageuzi hayanywi chai.

Nikajibana, nikanunua mashine ya mtumba ya kukoboa na kusaga. Nikawachukua akina mama saba waliokuwa wakichambua tumbaku mle ndani, wanichambulie mahindi. Ndiyo biashara yangu mpaka leo. Sikukopeshwa na benki wala kubebwa na mjomba.

Lakini kiwanda sikukiacha. Kila mkutano wa hadhara nilisimama. Mtu mmoja akiwa na kazi pale, nyumbani kwake wanakula sita, zidisha mwenyewe. Bwana mmoja wa ofisini alinijibu mbele za watu: mama wa maandazi ana haja gani na uwekezaji? Watu wakacheka. Sijasahau. Mkutano uliofuata nikasimama tena.

Sasa mwekezaji kapatikana. Mabati mapya yanang'aa, Jumatatu geti linafunguliwa. Siku ya sherehe ya kumpokea sikupewa hata kiti, nikashangilia nikiwa nimesimama.

Mimi ninayejisifu kwa hesabu, hii moja ilinipita: kiwanda kikifunguliwa, wachambuaji watatoka wapi?

Watatoka kwangu.

Wiki nzima akina mama wamekuwa kimya. Mkubwa wao, Mama Skolastika, ambaye hawezi kupitisha gunia bila kulisema, hakusema neno. Nikadhani kuna msiba wananificha.

Leo saa sita mchana anaingia Oresti, fundi wangu wa mashine. Oresti ni Mhehe, mimi Mngoni, kwa hiyo ni mtani wangu na adabu sijawahi kumdai. Lakini leo kavaa koti. Mkononi ana kuku jike, mweupe. Nyuma yake akina mama wote saba, wamejifunga khanga, macho chini.

"Shikamoo, mama mkwe," ananiambia.

"Mkwe wako nani, we mla mbwa?"

"Mimi mshenga tu. Tumesikia humu ndani kuna majiko. Tumekuja kuomba."

"Oresti, una mke Iringa! Jiko gani tena?"

"Majiko saba, mama. Na mwoaji si mimi. Mwoaji ni kiwanda."

Nikawatazama. Bi Zaituni akajificha nyuma ya mwenzake, mwili mzima unaonekana. Mama Skolastika ndiye aliyefungua mdomo: "Dada, tungeondokaje hivihivi kama wezi? Wewe ndiye ulituchukua geti lilipofungwa. Ukikataa, tunabaki."

Wangebaki kweli. Hicho ndicho kilichoniuma.

Nilikasirika, nakiri. Nilikaa juu ya gunia nikapiga hesabu. Bila wao unga wangu wiki ijayo ni wa kubahatisha, na wateja wa sembe hawasamehe kokoto. Nikiwafundisha wengine, itanichukua mpaka mvua zinyeshe.

Halafu nikawaangalia mikono. Hawa wanawake hawajawahi kuacha tumbaku. Mchicha wanaupanga kwa urefu wa jani kabla ya kuupika. Mama Skolastika akinunua kitenge hakitazami maua. Anakivuta kwa vidole, anakiinua kwenye mwanga, anakinusa. Siku ya kwanza waliyachambua mahindi yangu kwa madaraja sita, nikawafokea kwamba yote yanakwenda kusagwa! Wakaitikia ndiyo, wakaendelea na madaraja yao. Miaka yote hiyo wamekuwa kwangu kama wageni waliokaa sana, na mimi nimewapenda kama wenyeji.

Na nani alipiga kelele kiwanda kirudi? Nilitaka kirudi kwa ajili ya nani, kama si hawa?

Nikasimama. Nikamwambia mshenga kuwa binti zangu hawatoki bila mahari. Kwanza, magunia yote yaliyopo yawe yamechambuliwa kabla ya kesho jioni. Pili, tumbaku ni kazi ya msimu. Msimu ukiisha wanarudi hapa, na kiwanda kisije kusema kimeoa moja kwa moja.

Oresti akasema familia ya mwoaji imekubali. Vigelegele mpaka wateja wakatoka nje kuangalia. Mama Skolastika alilia, akafuta machozi, akaniambia kokoto bado zipo kwenye lile gunia la pembeni.

Kuku? Kuku hayupo. Mtani kamchukua akiondoka, anasema ni haki yake kwa kusimamia shughuli nzito. Kwa hiyo leo nimepoteza wafanyakazi saba na sikuonja hata supu.

Basi. Nimeshapigana na kufungwa kwa kiwanda, sasa nijue kuishi na kufunguliwa kwake. Watu wataingia getini Jumatatu saa moja, kwa baridi hii, matumbo matupu. Mama wa maandazi ana haja gani na uwekezaji? Bwana yule apite pale, ataona.

Mwenye kafe ananionyesha saa. Narudi nyumbani, birika kubwa nimeshaliteremsha darini, na vikombe vya zamani nimeviloweka kwenye beseni. Vina masizi na vumbi la miaka, havitaisha leo.

Naanza na saba.